Kiti cha Kaka

Punta Arenas, upepo haupigi hodi.
Manispaa imefunga kamba kwenye kona za barabara
ili watu washikilie wasipeperushwe.
Watoto wangu sita hufika kwa kamba hizo kila Alhamisi,
kofia mfukoni, nywele zimesimama wima.

Chumba ni cha ushonaji; cherehani tumezisukuma ukutani.
Viti saba. Cha Yasna kimegusana na hita,
naye havui sweta, na hatumuulizi.

Kinywaji cha huku kinaitwa mate.
Cheka tu, msomaji, nami nilicheka:
mrija mmoja, midomo saba,
jina limestahili kwa lugha zote mbili.
Mwenye kibuyu ndiye msemaji.
Wengine tunameza, chai au maneno.

Wiki ya kwanza kibuyu kilizunguka mara nne,
tukasikiliza bati la paa.
Wiki ya tano, Baltazar: "Mwalimu wa hesabu mjinga."
Wiki ya sita: "Kaka yangu mjinga."
Ya saba: "Nyote wajinga, na hii imepoa."
Millaray akamwongezea maji ya moto, kimya.

Ndipo nikasema: simulia ugomvi wako
ukiwa kwenye kiti cha uliyegombana naye.
Si kwa mawazo. Inuka, hama.

Alihama akiburuta miguu, hadi kiti cha mlangoni.
Akakunja mikono, akakoroma sauti ya kuigiza,
wenzake wakaguna kwa kicheko:
"Nimetoka baharini. Nimechoka. Dirisha limevunjwa.
Namuuliza mdogo wangu kwa nini, ananitukana.
Nimeziba kwa kadibodi. Kitanda ni kimoja,
nimelala na koti langu upande wa upepo,
yeye nimemweka..."

Sauti ikapotea njia.

"...upande wa ukuta," akamalizia, kwa sauti yake mwenyewe.

Kisha, akitazama viatu:
"Huwa nasema nilikasirika.
Boti lilichelewa usiku mzima.
Sikukasirika."

Neno lililobaki hakulisema.
Hakuna aliyemsaidia kulitaja, nami nikajizuia,
ulimi ukiniwasha.

Nyani haoni kundule, ndivyo tulivyolelewa,
na tulilisema tukicheka, tukimnyooshea mwingine kidole.
Sikuwahi kufundishwa
la kumfanyia nyani siku atakapogeuza shingo akaona.
Millaray alijua. Alimpa kibuyu.

Usiku huo, jikoni kwangu, nilijaribu zoezi langu.
Nilihamia kiti cha dada yangu,
miaka kumi na mmoja sijampigia simu.
Nilikaa. Sikupata hata sentensi moja ya kumsemea.
Nikainuka, nikaosha vikombe,
viwili, ingawa nilitumia kimoja.

Alhamisi iliyofuata Yasna alikisogeza kiti chake
mbali na hita, kadiri ya shibiri.
Sweta bado anayo.
Nimeandika tarehe.