Daftari la Miraba

Mimi ndiye niliyeshika kalamu.
Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikiisha,
meza ya Shule ya Jumapili ilitolewa nje,
mguu wake mfupi tukaukingia jiwe,
nami nikafungua daftari la miraba,
lile la hesabu, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Nyumba hamsini na nne. Shilingi mia mbili kwa nyumba.
Marafiki wa hapa Chavakali,
Wakatoliki wa ng'ambo ya kijito,
na Wapentekoste wenye vipaza sauti
tusioelewana nao saa za mkesha:
hapa wote safu moja ya wino wa buluu.

Kuhusu ubatizo bado tunabishana,
maji mengi, maji machache, au yasiwepo kabisa.
Kuhusu figo ya Jahenda hatukubishana.

Mwaka jana Asava alisimama, kofia mkononi,
akasema kuuwekea ugonjwa akiba ni kuuita,
kwamba aaminiye hamlipi daktari kabla ya homa.
Wengine waliitikia amina, ile amina ya mazoea.
Miezi mitatu hakutoa. Wa nne nikachukua rula.
Nilimkata kwa mstari mnyoofu.
Nakiri: niliupenda unyoofu wake.

Kisha juzi, mvua ya saa tisa
ikiteremsha kokoto kutoka milima ya Maragoli,
habari ikaja: Kageha, mkewe, amejifungua kwa kisu.
Mtoto mzima. Mama mzima.
Ila hawatoki.
Elfu thelathini na nane na mia nne,
na kitanda huzaa deni kila usiku
hata kwa aliyekwisha kupona.

Hospitali nayo ni ya kanisa.
Ina msalaba juu ya lango
na chini ya msalaba, mlinzi mwenye orodha.
Sikumchukia. Ndani kuna dawa za kununuliwa,
jenereta inayokunywa dizeli,
wauguzi wenye watoto shuleni.
Orodha naijua. Nami nilikuwa nayo.

Tukakaa.
Mudogo alitaka kanuni isomwe.
Kanuni ikasomwa. Ilikuwa wazi kama kidonda.
Ndipo Vugutsa, muuza mrenda, asiyesema mikutanoni,
akauliza akiitazama mikono yake:
"Na huyo mtoto, naye alikatwa kwa rula?"

Kuku akapita chini ya meza.
Hakuna aliyemfukuza.

Nikapekua kurasa kama anayetafuta kitu.
Nilikuwa nimekwisha kukiona:
jina langu, mwezi wa tatu, mwezi wa nne,
alama mbili za vema zisizo na pesa nyuma yake.
Karo ilinibana. Nilijiahidi nitalipa.
Na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nikasimama niseme habari za Asava.
Nikasema zangu.

Hawakunifokea; ingekuwa nafuu.
Mudogo aliikunja kanuni, akaikalia.
Mtu akavua kofia, ikazunguka,
ikaenda ng'ambo ya kijito na kurudi usiku.
Zikapatikana elfu thelathini na moja,
ahadi kadhaa,
na mkungu wa ndizi
ambao hatukujua tuuandike safu gani.
Zilizobaki, hospitali ilikubali kidogo kidogo,
kwa sahihi ya makanisa matatu
yasiyowahi kutia sahihi karatasi moja.

Jumapili hii Asava amekuja, mtoto kifuani,
mkewe nyuma yake akitembea kwa tahadhari ya nyuzi.
Hakutaja imani. Sikumuuliza.
Mia mbili zake zilikuwa zimelowa jasho.

Sikuufuta ule mstari.
Kifutio huchubua karatasi.
Niliandika jina lake upya, chini kabisa,
na langu kwa wino mwekundu: deni, mia nne.
Halafu nikamsogezea Vugutsa daftari.
Kalamu sasa anaishika yeye, anaandika polepole,
herufi kubwa kubwa kama majani ya mrenda.

Mimi naishikilia meza,
upande ule wa jiwe.