Kopo la Kiborloni

Husemwa: kiatu kinapobana, ajuaye ni mvaaji.
Mimi fundi viatu wa Kiborloni, miaka ishirini na miwili kwenye benchi hili,
niliuamini msemo huo kama ninavyoiamini gundi yangu,
mpaka Jumanne ile alipokuja Ndeshifose.

Aliteremka kwa miguu toka Mbokomu, mkungu wa ndizi kichwani,
akaomba nimshonee ukanda.
Nikakivua kiatu. Ndani mna msumari
umesimama wima kama mwenye nyumba,
na damu imeganda hadi kisiginoni.
"Mama, hukusikia?"
"Mguu huu uliacha kunisikiliza zamani, baba."
Akacheka. Mimi sikuweza.

Ukoma ulimtoka kwa vidonge vya mwaka mmoja,
vya bure, pale zahanati.
Ila ulipoondoka haukurudisha ulichochukua:
ncha za vidole viwili, na maumivu.
Sikujua kwamba maumivu ni mali,
kwamba mtu huweza kuibiwa.

Kisha noti yake. Elfu tano. Nikaenda nayo kutafuta chenji.
Muuza nyama akasema hana, na droo iko wazi.
Wa mitumba akaigeuza kwa kijiti.
Mama lishe: "Iweke hapo chini kwanza, nina unga mikononi."
Ilizunguka soko zima, ikarudi kwangu nzima.

"Basi iwe mbegu," akasema mwenyewe.
Nikaosha kopo la siagi, nikatoboa kifuniko,
nikaandika kwa rangi ya viatu:
VIATU LAINI KWA MIGUU ISIYOSIKIA.
Noti yake ikatangulia.

Mwanzoni watu walirusha kwa mbali,
kama wanaomlisha mbwa wa jirani.
Sarafu moja ilinipiga gotini; nikaiokota, nikashukuru.
"Hautuambukizi?"
Nikawajibu nilivyojibiwa na muuguzi:
aliyeanza dawa hamwambukizi mtu.
Kinachoambukiza ni huko kurudi kwenu nyuma;
mmoja akipiga hatua, safu nzima inamfuata.

Muuza nyama alikuja wa mwisho.
Hakusema neno. Alikunja elfu kumi mara nne,
akaisukuma kwa kidole gumba.

Jioni tukalimwaga kopo:
elfu themanini na moja, na mia nne.
Mpira laini wa jozi tatu, labda nne nikibana uzi.
Tukaitafuta noti ya Ndeshifose tumrudishie.
Hatukuitambua.
Zote zilinuka nyama, vitunguu, mikono.

Usiku, mwanangu yumo kwenye beseni,
nikaona baka hafifu begani mwake.
Nikachukua unyoya wa kuku.
"Fumba macho, Aikaeli. Nikikugusa, sema."
Kimya.
Nikagusa tena, pole pole, pembeni, katikati,
na moyo wangu ukigonga kama nyundo kwenye soli.
"Baba, unanitekenya!"
Akarusha maji, akanilowesha shati lote,
nami nikabaki nimechuchumaa pale, nimeshika unyoya.

Asubuhi nililipanua tundu la kopo.