Mpima

Mimi ndiye niliyepima.
Mwezi wa kumi, mlangoni mwa ghala la Kitangari,
Bi Somoe Chinguile alileta magunia matano
kwa baiskeli mbili, moja ya kuazima.
Nikaitazama sindano, nikatamka kwa sauti kama tulivyofunzwa:
kilo mia tatu tisini na mbili, daraja la kwanza.
"Soma tena, mwanangu. Kichwa wima."
Nikasoma tena. Tisini na mbili.
Akaikunja stakabadhi mara nne, akaifunga pindoni mwa kanga,
fundo lile lisilofunguliwa mbele za watu.

Wiki mbili, tulimwambia.

Kisha redio ikaanza.
Mwenyekiti wa chama kikuu ana ghorofa lisilo na maelezo.
Mhasibu aliaga anakwenda msibani Nachingwea,
na msiba huo haujaanuliwa matanga mpaka leo.
Ikaundwa tume. Akaja waziri na magari kumi na moja,
vumbi lake likakaa kwenye nguo za kamba hadi Ijumaa.
Akaapa hatabaki mtu.
Kweli hakubaki: aliondolewa yeye.
Wa pili akataka uhakiki.
Wa tatu akasema uhakiki ule una dosari, nao uhakikiwe.

Na kila uhakiki unataka nakala mbili za stakabadhi,
nakala ya kitambulisho,
picha ndogo, nyuma buluu.
Mashine iko Newala mjini.
Msimu ule, kati ya wote tuliolima na tusiolima,
aliyevuna ni kijana wa fotokopi.

Redioni wanaiita kashfa.
Wanalitamka vizuri, wanalivuta kidogo mwishoni.
Huku juu halina jina moja.
Ni ndoo moja ya maji ya kununua pale zilipokuwa tatu.
Ni daftari la duka la Mkwanda, ukurasa wa Somoe umejaa,
sasa anaandikwa pembeni, kwa wima.
Ni Hamza, mjukuu wake, aliyechaguliwa sekondari ya bweni,
na barua ikataja godoro, ndoo yenye mfuniko, kwanja.
Kwanja walikuwa nalo.
Siku wenzake waliporipoti, alilichukua akaenda porini,
akarudi jioni na ming'oko nusu kikapu,
hakuna aliyemuuliza kitu.

Halafu Juni.
Mikorosho haisikilizi taarifa ya habari;
ilitoa maua kama kawaida yake.
Lakini salfa haikopeshwi kwa deni la serikali,
na ubwiriunga ukashuka na umande,
mweupe, mpole, kama mgeni aliyebisha hodi.
Asubuhi ya nne Somoe alilishika shada moja
likabaki kiganjani, jivu.
Mawaziri watatu kwa mwaka.
Maua mara moja.

Mwenyekiti hawamjui hata sura.
Wananijua mimi.
Msikitini mkeka unabaki wazi upande wangu wa kushoto,
nafasi ya mtu mmoja,
na imamu anasema jazeni safu, jazeni safu.

Jana amekuja ghalani na mfuko wa unga
uliojaa nakala za miezi tisa,
nyingine zimefifia mpaka namba zimekuwa madoa ya nzi.
Akautua juu ya mizani.
"Nipimie."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Sindano ilitikisika, ikajirudia mahali pake.
"Sema kwa sauti, kama mlivyofunzwa."
Nikamwambia mizani hii nzito, Bi Somoe, haioni vitu vyepesi,
imetengenezwa kwa magunia.
"Kichwa wima," akasema.

Miaka kumi na sita nasoma sindano hii.
Nje Hamza amekaa juu ya baiskeli ya watu,
anapiga kengele, taratibu,
si kwamba ana haraka.