Chekeche

Saa saba usiku, Szeged, mwezi wa Januari.
Unga umekandwa, umefunikwa, unaumuka gizani;
nina saa moja na robo kabla tanuri halijaniita.
Natoka uani na aproni yangu.
Darubini imekaa nje tangu magharibi
ili kioo chake kizoee baridi,
maana kioo chenye joto huona njozi.

Mshtarii yuko juu ya paa la Bibi Piroska.
Kwenye skrini anatetemeka,
anavimba, ananywea, anapinda ubavu,
sarafu iliyotumbukia kisimani na maji hayajatulia.
Kosa si lake. Kosa ni la hewa,
na la dohani ya Bibi Piroska,
anayechoma kuni za mwaloni usiku kucha
kana kwamba anafukuza mbwamwitu.

Napiga hivyo hivyo.
Picha elfu tisa kwa dakika mbili.
Si dakika tano, maana lile dude lina haraka,
linajizungusha zima kwa saa kumi tu;
ukizubaa, Doa Jekundu limeburuzika
kama jamu iliyofutwa kwa kidole.

Kisha kompyuta, kando ya magunia.
Nachekecha.
Hii ina mikanda miwili, ile haina hata mmoja,
hii imemeguka pembe, ile ni uji.
Wahenga walisema wengi wape.
Mimi wengi nawatupa.
Katika elfu tisa nabakiza mia nane,
nazilaza moja juu ya nyingine, ukingo kwa ukingo,
na hapo ndipo ninapopapenda:
uongo wa hewa hauna maskani.
Huku umevuta kushoto, kule umevuta kulia,
chenga zinarukaruka, zinafutana zenyewe kwa zenyewe.
Lakini ule mkanda wa kahawia
umerudi palepale, mara mia nane,
kama shahidi asiyejua kupamba maneno.

Juzi Bibi Piroska alishuka,
koti juu ya nguo ya kulalia, mwiko mkononi,
akidhani kuna mwizi wa kuni.
Nikamwonyesha. Kwanza picha moja, mbichi.
"Yai viza," akasema.
Kisha rundo zima, limeshanolewa:
mikanda, dhoruba ndogo kama punje za ufuta,
Io pembeni, rangi ya siagi,
na kivuli chake kimetua juu ya mawingu,
cheusi, cha mviringo, tundu la sindano.

Alikaa kimya mpaka skrini ikajizima.
Halafu: "Ipi ndiyo ya kweli?"

Nilikwangua unga uliokauka ukuchani.
Ile mbichi niliiona kwa macho yangu.
Hii nzuri hakuna jicho lililowahi kuiona,
wala hakuna sekunde hata moja
ambayo ilikuwamo.
Nikamwambia tanuri linaniita.
Sikusema uongo; lilikuwa linaita.

Usiku huu natoka, natazama juu ya paa lake.
Dohani haitoi kitu.
Nyota zilizo nyuma yake zimesimama wima.
Dirishani taa inawaka, na Bibi Piroska amekaa,
kofia ya manyoya kichwani, mablanketi hadi kidevuni,
ananipungia mkono kwa ukali:
haya, fanya upesi.

Mshtarii ametulia. Si kabisa,
juu kule kuna upepo usiomjua Piroska,
lakini ametulia kuliko nilivyowahi kumwona
kutoka ua huu.
Napiga elfu tisa. Napiga elfu tisa nyingine.
Ganimede ni duara, si nukta, duara,
nakaribia kumwita mama wa watu ashuke aone,
nakumbuka baridi ya ngazi, naacha.

Sijui nitabakiza ngapi.
Mkate wa kwanza ukitoka, ule wa kisibiti,
nitaupandisha juu ungali na moto, nimeukumbatia,
apashe kwanza mikono
ndipo ale.