Herufi Kumi na Sita

Januari, Saskatchewan, baridi hasi thelathini na nane.
Mimi Orest Hnatiuk, mstaafu wa mgodi wa potashi,
niko jikoni na skana, daftari, penseli iliyotafunwa,
na chai niliyoisahau tangu saa nne.

Saa nane na dakika arobaini inakuja tena.
Krrrr. Nyuki ndani ya debe.
Sekunde nne, kimya,
kisha nyuki wengine wanajibu.

461.3375. Nimeiandika mara kumi na moja.
Si polisi: polisi siku hizi wamejifungia na ufunguo wao.
Si reli: reli bado inaongea kizamani,
sauti tupu, mtu na mafua yake.
Si mgodi. Mgodini nilitukanwa kwa redio
miaka thelathini na mmoja, ningeutambua.

Taras, mtoto wa dada yangu, akachomeka waya
kutoka skana hadi kompyuta.
"Mjomba, hawa nyuki wana lugha,
wanataka mkalimani tu."
Programu ikatema kwenye skrini:
rangi ya saba, nafasi ya pili, kundi 118.

Taras akarudi Saskatoon. Nikabaki kubonyeza
kwa kidole kimoja, miwani puani,
kama mtu anayepima dawa ya mtoto.
Nikaweka rangi ya sita kwa makosa. Kimya.
Nikaweka nafasi ya kwanza. Kimya.
Nikaitukana, nikaomba radhi, nikalala.
Usiku wa tatu: saba, mbili, 118,
na nyuki wakageuka wanawake.

Wawili. Mmoja anakohoa.
Lugha siijui, inateleza, inaruka,
halafu ghafla namba ya Kiingereza
kama changarawe kwenye wali: kumi na nne.
*Gising pa si Lola*, kumi na nne.
Usiku uliofuata hivyo hivyo. Na uliofuata.
Nikaandika kama nilivyosikia, gi-sing,
na Lola nikadhani ni jina.

Jumamosi nikampelekea Rodel, muuza nyama.
Akafuta mikono kwenye aproni, akasoma, akacheka:
"Bado yuko macho, ndiyo maana yake.
Na lola si jina, mzee. Lola ni bibi."
Kisha akauliza, kisu mkononi,
bibi wa nani.

Chumba cha kumi na nne, nyumba ya wazee, ng'ambo ya reli.
"Bibi yangu," nikasema.
Nyama nikaiacha kaunta.

Mchana huniambia analala vizuri.
Faili lake linasema analala vizuri.
Yeye mwenyewe hunitazama, huniita
kwa jina la kaka yake aliyezama,
hunishika kidole, hachoki kukishika.

Skana inadai jina la idhaa:
herufi kumi na sita, hata mapengo huhesabiwa.
WASAFISHAJI WA USIKU haikutosha.
NYUMBA YA WAZEE ilitosha, nikaifuta,
ilifanana na kibao cha barabarani.
OLHA YUKO MACHO.
Imebaki nafasi moja. Sikutia nukta.

Saa nane na nusu nikachomoa waya unaopasha injini,
nikakwangua barafu kiasi cha jicho moja,
nikavuka reli.

Aliyenifungulia mlango ana redio kiunoni.
Kikohozi chake nilikijua kabla ya uso.
Yeye hayajui masikio yangu,
na sikumwambia; ningeanzia wapi?
Akaitazama theluji kwenye kofia yangu, akaitazama saa,
akabonyeza kitufe, akasema jambo.
Nilishika lola, nikashika kumi na nne,
nikamfuata ukumbini kwa viatu vilivyolowa.

Na nyumbani, juu ya meza, karibu na ile chai,
taa ya skana lazima iliwaka,
jina la mke wangu likapita kwenye skrini
na sauti ikaviambia viti kwamba nimefika.