Moto Haubishi Hodi

Iweke hapa, juu ya kigae, si juu ya kitenge.
Unasema haiwaki tangu Jumanne.
Unasema uliipiga kofi, ukaipuliza,
ukaianika juu ya bati ipate jua.
Zihindula, nani alikufundisha kutibu betri
kama mtu anayekausha sambaza?

Tuanze na jambo la kijinga.
Bonyeza mara tano, upesi upesi.
Nyingine hujifunga hivyo, zikakaa mfukoni kama maiti
na hazina ugonjwa wowote.
Bado?
Haya, zungusha kichwa kushoto, kitoke.
Unauona huu utomvu wa rangi ya chai?
Ni yale maji ya embe. Yameteremka, yakagandia shingoni.
Umeme haupiti kwenye uchafu huu,
kama mimi nisivyopita ngazi za udongo za Cimpunda
mvua ikiwa bado inanyesha.

Pamba. Tone la spiriti. Ngoja ikauke,
usipulize, mate nayo ni maji.
Hapa katikati pana kitone cha shaba,
kidogo kama punje ya mtama. Kimedidimia.
Mnakaza mno ninyi vijana,
mnakaza kama mnafunga mlango wa benki.
Ninakiinua kwa ncha ya sindano,
unywele mmoja,
si miwili.

Ah.
Buluu.
Usicheke kwanza. Nionyeshe chaja.

Hii? Hii ni ya simu kubwa ya shemeji yako.
Inasukuma umeme kama Ruzizi mwezi wa nne,
nawe unaikingia kikombe cha mtoto.
Tafuta ile ndogo, ya polepole, waya usiochubuka.
Najua umeme wa zamu hurudi saa saba usiku.
Sote huamka kama walinzi, tukachomeka kila kitu,
tukarudi kulala.
Hapo ndipo.

Ukuta wako ni ubao, na ubao huo huo
ni ukuta wa Mama Cibalonza,
na wake ni wa yule mshona viatu mwenye mapacha.
Moto wa mtaa huu haubishi hodi.
Unauona mguu wa meza yangu, huu mweusi?
Nyumba kumi na moja, kwa kitu chenye urefu wa kidole
kilicholazwa juu ya godoro la sponji.
Nilitoka na meza hii na sufuria moja ya maharage.
Sijawahi kuupiga randa mguu huu. Sitaupiga.

Kwa hiyo ichaji ukiwa macho.
Iguse kwa kiganja, kama unavyogusa paji la mtoto.
Ikizidi joto la chai anayoweza kunywa mtoto huyo, chomoa.
Ikivimba kama andazi, usiilazimishe, usiitoboe,
iweke nje, ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na mbao.
Na betri iliyo uchi isilale mfuko mmoja na funguo:
chuma kwa chuma, wataongea,
na mazungumzo yao yataichoma paja lako.

Mbona umenyamaza?

...

Ya Mugisho.
Aliiacha chini ya mto, siku aliyopanda lori.
Na wewe huvuti. Hata siku moja.
Unataka tu ile taa iwe inawaka ukibonyeza.

(Fundi hufuta meza
ambayo haina vumbi.)

Basi sikiliza, nimekosea.
Yote niliyokuambia ni ya mtu anayevuta.
Betri isiyofanya kazi haipendi kujaa,
wala haipendi kuisha kabisa.
Nusu. Iache nusu.
Nusu itakuwashia taa hiyo usiku mwingi,
na kila baada ya miezi michache utaiongeza kidogo,
mchana, ukiwa umekaa nayo.

Faranga elfu moja. Hapana, weka, utaleta siku nyingine.
Na hicho kigae chukua.
Mimi ninacho kingine.