Nyuzi Sakafuni

Jana wamenitoa damu, vichupa viwili,
wakavilaza kwenye boksi la barafu
kama kilo ya changu iendayo kwa jamaa Nairobi.
Kadzo, muuguzi, aliandika jina langu,
akakosea herufi, akakata, akaandika upya.
Nikamwambia: angalia, mwanangu,
nisije nikasomewa bahati ya mtu mwingine.

Mimi ni mshona kofia. Bondeni wanijua.
Kofia za mkono, tundu kwa tundu,
miezi minne kwa kichwa kimoja.
Jioni hufagia,
na kwa kile kilichokusanyika mbele ya ufagio
najua: leo nimefumua sana,
leo mkono haukunitii.
Nyuzi zilizoanguka hazisemi uongo.
Ila haziniambii kofia itamkaa nani,
wala kama itawahi Idi.

Daktari Mwaruwa alinieleza yayo hayo
bila kujua azungumza na nani.
Mishipa ya fahamu, alisema, ikichanika
huacha nyuzi zikaelea damuni,
ndogo mno, lakini siku hizi zahesabika.
Zikiwa nyingi, kuna moto unaowaka.
Zikiwa chache, pengine umelala.
Pengine. Alilirudia mara tatu.
Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu.

Kabla ya hapo walinikunja kama kamba mbichi,
wakachota maji ya uti wa mgongo,
wakakuta mistari ndani yake.
Mistari!
Mama akajishika kinywa,
maana alikwisha kunipeleka Kisauni kwa mpiga ramli,
naye alichora mistari yake mchangani
akasema ni jini, ataka ubani na kitambaa chekundu.
Na mwalimu wa mtaani akaniandikia kombe kwa zafarani,
nikanywa sahani nzima ya aya.
Usiku hulala nikiwaza:
maandishi niliyoyanywa
na maandishi waliyoyachota,
yalipishana wapi mwilini mwangu?
Yalisalimiana?

Mimi nina kipimo changu, cha bure, hakipandi ndege.
Kaskazi ikikaza, mwezi wa pili,
feni ikizungusha joto lile lile,
jicho la kushoto hunitoka.
Kofia nyeupe huwa maziwa yaliyomwagika.
Najimwagia ndoo ya maji ya barafu
na jicho larudi, limenuna,
kama mtoto aliyetumwa dukani asikotaka.

Shebwana, mume wangu, karani wa makontena Kilindini,
hakubali kitu kisicho na nambari ubavuni.
Alimuuliza daktari: miaka kumi, atatembea?
Kumi na tano?
Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Akasema: nambari hii yajua habari za watu mia
walio mfano wake. Yeye mwenyewe haimjui.
Nikacheka, wakanitazama wote wawili.
Basi nileteeni hao mia, nikasema,
waje wakae barazani kwangu, nitawapikia kahawa,
niwatazame mmoja mmoja wanavyoshika kikombe
mpaka nimwone aliye mimi.

Majibu ni baada ya wiki sita.
Wiki sita ni mzingo mmoja na nusu wa kofia,
nikiwa na mikono yote miwili.

Lakini jana usiku nilimsikia Shebwana
kwa simu, uani, kwa sauti ya chini,
akimuuliza mwenye nyumba kuhusu chumba cha ghorofa ya chini,
kile cha karibu na tangi, chenye ukuta wa fangasi.
Tunakaa ya tatu. Ngazi arubaini na nne.
Ningeweza kumgombeza. Damu haijafika hata maabara
na yeye tayari ameshanisoma.

Sikusema kitu.
Asubuhi alipotoka kazini
niliteremka peke yangu, mkono ukutani,
nikapumzika ngazi ya kumi na tisa,
nikaomba ufunguo.
Chumba chanuka maji ya juzi.
Nikafungua dirisha la mashariki, likakwama, nikalisukuma kwa bega.
Nikatoa sindano kifuani, nikaiinua,
nitazame saa tatu mwanga wafika wapi.